Makopo Niliyofukia Shambani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mtu aliyesimama hapa mbele akiwa amekasirika, maana nimekasirika na sitaficha. Mchungaji ameniita nishukuru kwa kurudishwa kundini. Shukrani ninazo, tena nyingi. Hilo la kurudishwa tutalifikia.

Mnanijua. Mimi ni Mama Neema, nafua mashuka katika ile hoteli ya zamani, barabara ya kwenda Lukozi. Ilipokuwa mali ya shirika la umma, uwanja wake wa gofu ulikuwa malisho ya ng'ombe. Mashirika yalipoanza kuuzwa, tajiri aliyeinunua akafyeka nyasi, akachimba mashimo upya, na kila Jumatatu akaturuhusu wafanyakazi tucheze. Nikashika fimbo. Ndugu zangu, nilipenda! Mikono ilikubali tangu siku ya kwanza.

Mwili ndio uliokataa. Uwanja wenyewe ni mlima mtupu. Mashimo ya mwanzo nilikuwa naongoza, lakini tukifika ule mwinuko wa mwisho miguu inatetemeka, pumzi imekata, na mpira ulio karibu kabisa na shimo naupitisha pembeni. Wanaume wa jikoni wakicheka, ndiyo naharibu zaidi. Nilikuwa narudi nyumbani nalia kwa hasira.

Mungu akanitumia mgeni, daktari mmoja wa kike kutoka Moshi, aliyekuja kucheza wakati wa likizo. Aliniangalia nikishindwa, akaniita kando. Akanieleza kwamba mikono yangu haina kosa. Miguu na tumbo ndivyo vilivyolegea, na akili yangu inakimbilia vicheko vya watu kabla mpira haujapigwa. Akanifundisha kupanda mlima na mzigo, kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja. Tena kabla ya kupiga nifumbe macho, nivute pumzi taratibu, niuone mpira ukiingia, nijisemee neno la kunituliza. Neno langu likawa "Yesu, nishike." Na nyumbani nifukie makopo matupu shambani, yawe mashimo ya kujifunzia.

Nikafanya yote. Alfajiri kabla ya kazi nilipanda na kiroba cha mchanga hadi ukingoni mwa msitu, nikashuka nacho. Kisha nikasimama kwenye matuta yangu, macho nimefumba, midomo inacheza, fimbo mkononi, na mbele yangu kopo limezama ardhini. Majirani walipita na majembe yao, wakaona, wakaongeza mwendo. Hapo ndipo nilipoanza kuingia mashakani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka ule vuli haikunyesha. Kabichi zikanyauka, malori ya Dar es Salaam yakapita bila kusimama. Na kwetu huku mvua ikikosekana, hutafutwa mtu aliyeifunga kwa uchawi. Mkanipata mimi! Mzee Elia, mzee wa kanisa hili hili, ndiye aliyeuliza nani mwenye akili timamu anapandisha mchanga mlimani na kuurudisha, nani anazika makopo na kuyanong'oneza. Mtu niliyempikia kwenye msiba wa mkewe! Mkaniondoa kwenye Meza ya Bwana bila kuniuliza hata swali moja. Binti yangu akifika kisimani, wenzake wanabeba ndoo zao na kuondoka. Nikajua nisiposafisha jina langu, tutahama kijiji.

Likaitwa baraza shambani kwangu. Wazee wakachimbua makopo yote, wakabakiza moja walilotaka nilifukue kwa mkono wangu, mvua ifunguke. Nikakataa. Nikawaambia nitawaonyesha kazi yake. Nikaweka mpira ng'ambo ya tuta, na hasira ikanipanda. Nikikosa, nimekwisha!

Nikafumba macho. Nikasikia mtu akinong'ona, "Mwoneni, ameanza." Nikavuta pumzi. Miguu ile ya mchanga ikasimama imara, ndugu zangu, haikutetemeka hata kidogo. Yesu, nishike. Nikafumbua macho, nikalenga upande wa juu wa kopo, maana milima yetu huteremsha mpira yenyewe, nikaugusa. Ukapanda, ukapinda, ukadumbukia. Tulisikia wote ulivyogonga bati.

Mnadhani niliombwa radhi? Mzee Elia alitikisa kichwa akasema, "Hata mpira ameuroga."

Hapo nilikuwa tayari kuinua fimbo ile, tena si kwa ajili ya mpira. Mungu anisamehe. Lakini Bi Zaina, jirani yangu Mwislamu, bibi ambaye nyote hapa mnamwamkia shikamoo, akaja akaninyang'anya. Akaweka mpira, akapiga, akakosa. Akapiga tena, akakosa, na watu wakaanza kumwelekeza: shika chini kidogo, bibi, lenga juu. Mzee Elia mwenyewe akamwambia asitumie nguvu! Akapiga ukaingia. Akanirudishia fimbo, akawageukia wazee.

"Basi na mimi ni mchawi," akasema. "Nitengeni. Sijui mtanitoa kanisa gani."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na baraza likavunjika pale pale. Vicheko nilivyoviogopa uwanjani ndivyo Mungu alivyonitolea shimoni. Mvua ilikuja baadaye, kwa wakati wake. Sikuifungua kwa kuwa sikuifunga. Na kwenye mashindano ya hoteli niliupanda ule mwinuko wa mwisho huku napiga soga, nikawashinda wanaume wa jikoni wote. Hawakucheka.

Ewe unayesemwa vibaya na hujui pa kusimama, mtumaini Bwana. Mtumaini, na miguu yako uitie nguvu, maana maombi hayakupandii mlima wewe ukiwa umelala.

Sasa tufike kwenye kurudishwa. Naambiwa nipige magoti nitubu. Hasira nitaitubu, ninayo mpaka dakika hii, niombeeni. Uchawi sitautubu! Sirudi kundini, ndugu zangu, kwa sababu sikutoka. Waliotoka ni walioninyima Meza.

Mzee Elia, shikamoo. Kopo lile moja lipo bado, sijalifukua. Njoo Jumamosi, fimbo nitakupa mimi, na ukikosa sitacheka.

Jina la Bwana litukuzwe, kwangu na kwa Bi Zaina. Mchungaji, andaa Meza. Mimi nakwenda kukaa mahali pangu.