Kavutha na Ule Ubao wa Saba

Alhamisi tarehe 31 Desemba 2009, Bi. Priscilla Kavutha Musila, ambaye karibu kila mtu hapa kituoni humwita Mama Kaluki, atarudisha funguo za karakana na kustaafu. Atakuwa ametumikia kituo chetu cha mikutano hapa Kitengela kwa muda wa mwezi mmoja pungufu ya miaka kumi na tisa. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Nashon wa stoo, niandike habari zake kwa sababu ni mimi pekee niliyekuwapo siku alipoanza. Wamenipa kurasa mbili. Ningependa kumi.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 4 Februari 1991 kama mfagiaji, kwa mkataba wa miezi sita. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni Mkamba, basi alizaliwa na patasi mkononi. Kwao Mbooni walikuwa wakulima wa mahindi na mbaazi, na kifaa cha mbao alichokijua vizuri kilikuwa mpini wa jembe. Alikuja Kitengela na binti yake, Kaluki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia shule ya upili, na mkataba ule ndio uliokuwa ukimweka shuleni.

Mwisho wa Julai mwaka huo tulikuwa tunamalizia sebule mpya ya wageni. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi na silingi imepigwa. Kilichobaki kilikuwa kornisi, yaani ule ubao mwembamba wenye mawimbi unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na silingi. Wageni walitarajiwa Jumamosi. Jumanne asubuhi fundi wetu, Dalmas, akapima ukuta wa kwanza, akateremka ngazi akiangalia juu badala ya chini, na akavunjika mkono. Meneja wetu wa wakati huo, Bwana Joram, akazunguka mji mzima kutafuta fundi mwingine na kurudi mikono mitupu.

Hapo ndipo mfagiaji alipoweka ufagio kando na kusema atajaribu. Mimi nilicheka. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa yeye mwenyewe hunikumbusha kila Krismasi. Bwana Joram hakucheka. Mkataba wa Mama Kaluki ulikuwa unaisha Jumamosi hiyohiyo, naye akamwambia kwamba kornisi ikiwa juu, atahamia karakana kwa ajira ya kudumu. Isipofika juu, basi wataagana siku hiyo. Kaluki alikuwa nyumbani kwa likizo, na mama yake alijua kwamba bila kazi ile mtoto hatarudi darasani.

Nilimtolea mbao sita. Chumba kilikuwa na kuta nne, kwa hiyo alikuwa na mbili za ziada. Kufikia saa nne Jumatano, zile mbili za ziada zilikuwa zimekwisha. Alikuwa ameweka ubao ndani ya kile kisanduku cha kukatia pembe jinsi utakavyokaa ukutani, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya, akakata kwa uangalifu mkubwa, akapanda ngazi na kukuta mbao mbili zimepeana mgongo kwenye kona. Alikata tena. Zikapeana mgongo tena. Alikuja dirishani kwangu akauliza kama kuna ubao mwingine. Nikamwambia hakuna.

Saa ya chakula cha mchana alitia vipande viwili vya zile mbao zilizoharibika ndani ya kiondo na kwenda kwa Dalmas, aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya soko, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Dalmas alivigeuza vile vipande kwa mkono mmoja na kucheka mpaka jirani akachungulia. Kisha akamwambia sentensi ambayo baadaye sote tuliizoea: "Mama Kaluki, weka kichwa chini! Hapo kwa kisanduku, sakafu ndiyo silingi."

Hiyo ndiyo siri yote. Ubao hukatwa ukiwa umepinduliwa, ukingo wa juu ukiwa chini, na ukisahau mara moja tu umeharibu futi kumi na sita. Alirudi akaandika KICHWA CHINI kwa penseli kwenye kisanduku, na alasiri yote hakugusa ubao hata mmoja mzuri. Alizikata zile mbili zilizoharibika vipande vya futi moja moja, akawa anajifunza kuunganisha kona sakafuni, kona baada ya kona, mpaka mikono ikazoea.

Alhamisi alipandisha ukuta wa kwanza na wa pili. Ijumaa asubuhi, wa tatu. Ukawa umebaki ubao mmoja, ule mrefu wa ukuta wa mlango, bila wa akiba. Nilimwona akipima mara tatu, akiketi, akipima mara ya nne. Halafu akaukata ukiwa mrefu kidogo kuliko ukuta, kwa kiasi cha ukucha, na mimi nikadhani ameharibu. Akaingiza ncha mbili kwenye kona, katikati ya ubao ikiwa imebenuka nje, kisha akausukuma kwa kiganja. Ubao ukaingia kwa mlio mmoja na kukaa. Hilo hakuna aliyemfundisha. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwamba kitanda chake cha nyumbani chaga zake huingia hivyohivyo.

Jumamosi Bwana Joram alikuja na njiti ya kiberiti. Alipanda ngazi na kuijaribu njiti katika kila kona. Kona tatu zilikataa. Ya nne, juu ya mlango, iliingia. Mama Kaluki alikuwa amesimama chini ameshika ngazi. "Hii kona inapumua kidogo," meneja akasema, akashuka, akajifuta mikono. "Jumatatu uanzie karakana. Uje na gundi nyeupe na unga wa mbao, uizibe." Mama Kaluki aliketi kwenye ngazi ya chini akalia, na baada ya kulia akaomba ufagio akafagia uchafu wake. Septemba Kaluki alirudi shuleni. Leo ni mwalimu Kajiado mjini.

Yaliyofuata mnayajua, maana mnayakalia na kuyafungua kila siku: mabenchi ya kanisa letu dogo, milango ya mabweni mawili, meza za ukumbi wa chakula. Dalmas alipopona walifanya kazi pamoja kama ndugu, na alipoondoka mwaka 1998 Mama Kaluki akawa mkuu wa karakana. Amefundisha watu kumi na mmoja, wa mwisho wakiwa Cindy na Melvin, na kila mmoja siku ya kwanza alipewa ubao mzuri na kuamriwa auharibu. Kwake, afadhali kosa lifanyike sakafuni kuliko juu ya ngazi.

Ana kasoro moja. Hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kutazama juu. Kwenye harusi ya Soila wa mapokezi, kule Ewuaso Kedong, mchungaji alimsifu mbele ya watu kwa kuomba akiwa ameinua macho mbinguni. Sisi tuliokuwa karibu tulimsikia akinong'ona kwamba kona ya kushoto imekatwa na mtu mwenye haraka.

Mwaka 2007 sebule ya wageni ilibadilishwa silingi ikawa ya jasi. Mafundi wageni waliishusha kornisi yake, na ubao wa ukuta wa mlango ukavunjika vipande viwili. Uongozi ukampa zile tatu zilizobaki, naye akazipeleka Kisaju, kwenye nyumba yake mpya. Nimefika pale. Amezipiga kwenye kuta tatu za sebule, kona hazipumui hata kidogo, na ukuta wa nne uko mtupu. Lile umbo la zamani halitengenezwi tena, na ubao wa umbo jingine amekataa katakata. Nilimuuliza kwa nini asing'oe zote aweke jasi. Alisema hizo ndizo zilizomsomesha Kaluki, na kwamba ukuta mmoja mtupu anaweza kuuvumilia mpaka kufa.

Sasa naomba nikiri. Mwaka 1991 mbao zilizoletwa zilikuwa saba. Mmoja niliusimamisha nyuma ya mikebe ya rangi, kwa sababu nilikuwa mtunza stoo mchanga na niliamini kwamba stoo nzuri ni ile isiyotoa kitu. Alipokuja dirishani siku ile na kuuliza kama kuna mwingine, nilimwambia hakuna huku nikiuona. Baadaye niliona haya kuutoa, na haya zikageuka mazoea. Umesimama pale hadi wiki hii, mnyoofu, bila hata doa la mchwa.

Mama Kaluki, nisamehe. Uongozi umekubali, na baada ya chakula leo tutaupakia kwenye gari la kituo hadi Kisaju, pamoja na ngazi. Una futi kumi na sita, na ukuta wako nimeupima mwenyewe: futi kumi na nne. Unaweza hata kukosea mara moja. Mimi nitashika ngazi.

Asante kwa kila mlango unaofungika bila kupigwa teke. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi chini ya kona zako nne.