Mzee Tulia na Picha Saba Zilizoharibika

Ndugu, majirani na marafiki, kabla sijaanza naomba mfungue ukurasa wa mwisho wa kijitabu mlichopewa mlipoingia. Hiyo picha si kosa la mchapaji. Mchapaji mwenyewe alinipigia simu juzi akasema, "Dada, kuna moja hapa imeharibika. Imetikisika, na uso umekatika nusu. Huna nyingine?" Nikamwambia aichape hivyo hivyo, na kwamba watu nitawaeleza mimi.

Mimi ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pili na wa mwisho. Kaka yangu alitaka niandike kwamba baba yetu alikuwa mcheshi na mpole kwa kila mtu. Nimejaribu, kalamu imekataa. Baba alikuwa mbishi, mkavu, mwenye neno juu ya kila kitu, kuanzia serikali hadi vifungo vya shati, na wengi mliokaa hapa aliwahi kuwatoa studio kwa kosa moja tu la kucheka. Ndiyo maana mlimwita Mzee Tulia. "Tulia hapo hapo, usipumue," ndivyo alivyomwambia kila aliyekaa kwenye kile kiti chake kisicho na mgongo, awe bibi harusi au mkuu wa polisi.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Agosti 1948, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mshika bendera wa stesheni. Mama yake alifariki ghafla tarehe 6 Novemba 1960, marehemu akiwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani hapakuwa na picha ya mama huyo isipokuwa moja ya arusi ya jirani, ambamo alikuwa amesimama mstari wa nyuma akicheka mdomo wazi. Ikakatwa, ikakuzwa, ikawekwa juu ya jeneza. Mtoto akamsikia mwombolezaji mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu naye anacheka nini siku ya leo?" Na yule mwenzake akabana kicheko. Jambo hilo Baba alitusimulia mara moja tu maishani mwake, huku akifuta lenzi, na hakutaka maswali.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ghala la reli kuanzia mwaka 1956, na akamaliza sekondari mwaka 1967. Cheti chake tunacho. Kina alama nzuri za kemia na maneno ya mwalimu mkuu kwa wino wa bluu: "Ana akili. Anabishana." Mwaka ule wa mwisho alikuja mpiga picha kupiga darasa zima, akamruhusu achungulie kwenye kamera. Alisema aliwaona wenzake wote wamepinduka miguu juu kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza wakaonekana wana maana.

Mwaka 1968 aliajiriwa idara ya habari ya serikali, kazi yake ikiwa kuwafuata wakubwa kwenye hafla. Huko ndiko alikopata maoni yake kuhusu siasa, ambayo wengi mmeyasikia mkitaka msitake. Alikuwa akisema, "Kiongozi usimpige picha akihutubia. Mpige wakati mwenzake anahutubia. Hapo ndipo utajua kama kuna mtu ndani." Mwaka 1973 alipelekwa kwenye uzinduzi wa bomba la maji. Wapiga picha wote waliagizwa wapige mkono wa mgeni rasmi ukiwa juu ya koki, nao wakapiga. Baba akangoja. Koki ikafunguliwa, maji hayakutoka, na picha aliyorudi nayo ofisini ilimwonyesha mgeni rasmi ameinama akichungulia ndani ya bomba. Hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo kutunza balbu, akakaa wiki tatu, akaandika barua ya kuacha kazi yenye mstari mmoja: "Nilipiga kilichokuwepo."

Studio yake aliifungua mwezi Machi 1974, chumba kimoja cha mbele na chumba cha giza nyuma, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani ambaye ameketi pale mstari wa pili na ambaye amebishana naye miaka hamsini. Studio nyingine zilikuwa na mapazia yaliyochorwa maporomoko ya maji na ndege. Baba alitundika shuka la kijivu. "Kama hujawahi kupanda ndege," alimwambia mteja mmoja, "hii ya shuka itakupeleka wapi?" Picha ya kiongozi wa nchi, ambayo kila duka lililazimika kuwa nayo, hakuiweka nyuma ya mteja kama wengine. Aliitundika juu ya kamera, mbele ya mteja. Akasema watu wakiitazama kicheko kinakatika chenyewe. Tawala zilibadilika, picha zikabadilika, mahali pakabaki pale pale.

Alikuwa na maoni ya kila namna. Picha ya rangi aliiita kelele. Watu wanaopiga picha chakula kabla ya kula walimkera, si kwa sababu ya chakula, bali kwa sababu aliyekipika amesimama pembeni na hakuna aliyemwona. Kuhusu sanaa hakuwa na maneno mengi: picha nzuri, alisema, ni ile ambayo mtu akiiangalia anaacha kuongea. Na juu ya yote alishikilia kwamba kila picha ya mtu ni picha ya siku yake ya mwisho, kwa sababu hakuna ajuaye ni ipi itakayowekwa juu ya jeneza. Kwa hiyo mtu asicheke. Hasi, yaani kile kipande cha filamu kinachotoa picha, ambayo mteja ametabasamu ndani yake aliikata kwa mkasi na kuitupa, kisha akaandika kwenye bahasha, "Imeharibika."

Tarehe 14 Mei 1974 aliingia studio msichana aliyehitaji picha ya kitambulisho cha chuo cha ukunga. Akakaa, akaambiwa atulie asipumue, akamtazama kiongozi juu ya kamera, akacheka. Baba akapiga tena. Akacheka tena. Alicheka mara saba. Baba akamwambia, "Nenda ukacheke nyumbani, ukimaliza urudi." Naye akajibu, "Mimi nikienda sirudi. Piga hapa hapa mpaka nichoke." Ya nane ilitoka vizuri. Walifunga ndoa tarehe 3 Aprili 1976, na katika picha ya arusi wote wawili wanaonekana kama mashahidi mahakamani.

Huyo ndiye mama yetu. Mliozalishwa naye mnakikumbuka kicheko chake. Kilianza kimya, mabega yakitikisika, mkono ukiziba mdomo, kisha pumzi ikavutwa ndani ghafla kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi. Alicheka akiwa kazini, alicheka msibani, alimcheka Baba waziwazi, na Baba alikuwa akinuna huku akisogeza kiti karibu. Mbele ya kamera tu ndiko alikotii. Mara moja moja nilimsikia akimwomba, "Baba watoto, nipige hata moja nikicheka, ya kwangu mwenyewe." Na Baba akajibu, "Mama watoto, picha ni ya siku ile. Siku ile hakuna wa kucheka."

Siku ile ilifika tarehe 19 Juni 2015. Tulitoa picha kubwa, safi, aliyoichagua Baba mwenyewe. Mama anatutazama, midomo imefungwa, kola imenyooka. Fundi cherehani alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akamgeukia Baba. Akamwambia, "Ndugu yangu, shemeji hakuwa hivi. Huyu ni wa kitambulisho." Nilidhani Baba atamjia juu. Baada ya maziko alijifungia chumba cha giza siku tatu.

Siku ya nne akafungua maboksi ya hasi, arobaini na moja, akaanza kutafuta picha ya mama yetu akicheka. Kila asubuhi alikaa dirishani na kioo chake cha kukuzia, akiinua vipande kimoja kimoja kwenye mwanga. Aliwapata wateja wake wote, wengi wao marehemu, wote wametulia. Aliendelea hivyo miaka sita. Mwezi Oktoba 2021 akaniita. Alikuwa ameshika bahasha ya tarehe 14 Mei 1974, na juu yake mwandiko wake wa ujanani: "1 hadi 7 zimeharibika. Kicheko. 8 nzuri." Ndani palikuwa na kipande kimoja tu, cha nane.

"Nilimtupa," akaniambia.

"Nani, Baba?"

"Mama yako. Mara saba, kwa mkono wangu."

Hapo niseme na langu. Watu wameniambia tangu utotoni kwamba kicheko cha Mama ninacho mimi. Lakini nililelewa kwenye kile kiti, nikajifunza kukimeza, na Mama alipozikwa kikaondoka kabisa. Baba alianza kuniuliza kila nilipomtembelea, "Mama yako alikuwa anachekaje?" Alikuwa anamsahau, na hilo lilimtia hofu kuliko kufa. Nikajaribu kumwonyesha. Akatikisa kichwa. "Siyo. Hiyo unaigiza." Nilikuwa nikirudi nyumbani nalia njia nzima, na sioni aibu kulisema hapa.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2022. Daktari alimuuliza kama alikuwa mvuta sigara. Akasema hapana, alikuwa mvuta dawa za kusafishia picha. Tarehe 3 Februari mwaka huu, 2024, alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na kamera yake ya zamani akaiweka kwenye kikabati kati ya taulo na kikombe. Hakuna aliyeweza kumshawishi iende nyumbani. Hewa ilikuwa inamwishia. Sentensi moja aliigawa mara tatu ndipo aimalize, na hata hivyo hakupunguza ubishi.

Tarehe 8 Machi, kama saa tano asubuhi, alikuja muuguzi na simu. Akasema, "Babu, nakupiga picha ya faili. Hebu tabasamu kidogo."

Baba akamtazama. "Mjukuu wangu, ningekuwa na la kutabasamia ningekuwa kwangu."

"Basi nitaandika mgonjwa amekataa."

"Andika mgonjwa ana akili."

Muuguzi akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika. Na mimi, niliyekuwa nimekaa na bakuli la uji mapajani, nikahisi mabega yameanza. Nikaziba mdomo. Nikajizuia, maana mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa hoi, lakini pumzi ikaingia yenyewe kwa ile sauti, na uji ukamwagika. Baba akageuza kichwa. Macho yalimtoka. Nikadhani amezidiwa, nikataka kuinuka, kumbe mkono wake uko kwenye kikabati.

"Usitulie," akasema. "Mwanangu, usitulie! Endelea."

Akapiga picha moja. Mikono ilikuwa inamtetemeka kiasi kwamba kamera iligonga chuma cha kitanda. Jioni ile ile niliingia chumba cha giza, nilikofundishwa kazi nikiwa na miaka kumi na ambako sikuwa nimekanyaga tangu niolewe. Nikaisafisha filamu mwenyewe, nikiwa na hofu ya kuikosea dawa. Ilitoka hiyo mnayoiona: chuma cha kitanda, nusu ya uso, mkono mdomoni, mabega yametikisika yakawa ukungu. Kwa sheria zake zote ni takataka.

Nilimpelekea picha na hasi yake tarehe 10, nikaanza kuomba radhi. "Baba, imetikisika."

Akaishika karibu na macho. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kutulia." Kisha akalia, na mimi baba yangu nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku ya Mama. Alipomaliza akaomba ile bahasha ya mwaka 1974, ambayo alikuwa ameificha chini ya mto, na kalamu. Akapiga mstari mmoja juu ya neno "zimeharibika." Hasi mpya akaitia ndani, kando ya ile ya nane. Bahasha hiyo anazikwa nayo. Tumeiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Picha iliyo juu ya jeneza aliichagua mwenyewe miaka mingi iliyopita, na kama mnavyoona, hana mzaha. Ameacha mwana mmoja, binti mmoja, wajukuu watano, dada yake wa pekee ambaye ni shangazi yetu, na fundi cherehani, ambaye si ndugu wa damu lakini ameshinda naye kuliko sisi sote, na ambaye tangu Jumanne hajapata mtu wa kubishana naye.

Baba, nakuomba msamaha, maana fundi amenifanyia ishara hapa na mabega yameanza tena. Huko unakokwenda yuko mmoja asiyetulia. Safari hii usishike mkasi. Wewe umefanya kazi yako, nuru ipo, shuka liko nyuma yako.

Tulia hapo hapo. Usipumue.

Atulie kwa amani.