Mzee Shikilia na Gari Lililotetemeka

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Shikilia, nanyi mkishikwa na kicheko msijizuie, kwani mwenyewe asingewazuia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo, akasoma hadi chuo cha ufundi, na mwaka 1974 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani za hospitali na maghala, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Kwa safari za kazi alinunua gari kuukuu, ambalo mjini lilikwenda kwa adabu kama bibi harusi, lakini likishika barabara kuu na kugusa spidi ya tisini, lilitetemeka hadi meno ya abiria yakagongana, ndiyo maana kila alipokaribia tisini alipaza sauti, "Shikilia!", na jina likamganda. Baba aliapa kwamba ubovu uko mbele, kwa sababu usukani ndio aliokuwa ameushika yeye, akanunua matairi mapya ya mbele, akazungukia mafundi kuyasawazisha, akabadilisha vyuma vya usukani, na gari likaendelea kutetemeka kama mgonjwa wa homa.

Mwaka 1979 aliombwa lifti na mama mmoja na binti yake muuguzi, mama akaketi mbele, binti nyuma, na walipopita tisini binti akauliza, "Kaka, mbona huku kiti kinanirusha, na usukani wako umetulia tuli?" Baba akajibu kwamba abiria kazi yake ni kushikilia, binti akasema, "Haya, njoo ukae huku wewe, niendeshe mimi," maana alikuwa akiendesha gari la zahanati, na baba akakubali kwa hasira, lakini hawakufika mbali kabla hajaomba gari lisimamishwe. Walipochungulia chini, tairi la nyuma kulia lilikuwa na uvimbe kama ngumi upande wa ndani, limebakiza kupasuka tu.

Baada ya hapo alikwenda mara kwa mara kukagua mizani ya hospitali ya yule muuguzi, mizani ambayo haikuwa na kasoro yoyote, wakafunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1980, wakajaliwa watoto watatu, na sote tulifundishwa kabla hata ya kujua kusoma saa: usukani ukitikisika anzia mbele, kiti kikitikisika anzia nyuma, likitikisika ukikanyaga breki, basi kaangalie breki.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, na Mei mwaka huu, tukimkimbiza hospitali kwa gari la wagonjwa, alivua kipumulio akasema, "Dereva, simama, gurudumu la mbele kushoto limelegea." Mama akamwambia, "Baba watoto, nyamaza upumue," lakini dereva akasimama shingo upande, akakuta nati mbili tu ndizo zilizobaki, hivyo mtu tuliyekuwa tunampeleka kuokolewa akatuokoa sisi kwanza. Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi sebuleni, wakaguzi wenzake, mafundi wote aliowahi kuwabishia, na dereva yule, ambaye ameomba mwenyewe kumsindikiza leo, kwa mwendo wa pole, ule ambao hata gari bovu halitetemeki.

Baba, leo usishikilie kitu, tumekushika sisi, pumzika kwa amani.