Buli Lililofukuliwa Mara Mbili

"Mgeni rasmi, Profesa, umetoka Uingereza mpaka huku kwetu Jeppestown, karibu sana, na utusamehe viti."

Mayasa, fundi cherehani wa Tanga, ndiye aliyechaguliwa kusoma risala ya wakazi, maana wapangaji wenzake waliamini Kiswahili chake hakina kombo. Gaston, msusi wa Lubumbashi, alitafsiri. Mezani mbele ya mgeni lilikaa buli la chai, limesuguliwa likang'aa, na kibandiko: 1896. Mayasa alijitahidi asilitazame.

"HISTORIA. Nyumba hizi kumi na moja zilijengwa na wachimba dhahabu wa Kiingereza, wakazipanga kama kijiji walikotoka, ambacho wewe umekichimba na kukiandikia kitabu. Wao waliondoka. Sisi tuna miaka ishirini na miwili humu, na kwenye bango lenu la historia pale nje hatumo.

"MAFANIKIO. Tuliwapisha wanafunzi wako wachimbe uani mwezi mzima, tukawachotea maji, tukawaonyesha kisima cha zamani.

"CHANGAMOTO. Ripoti yenu inaliita tabaka la juu la udongo takataka. Tabaka hilo ni sisi. Na sasa tumepewa notisi ya kuhama ili kijiji kihifadhiwe."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

"MAOMBI. Kwanza, tusitolewe kabla ya kupata pa kwenda. Pili, bango litutaje." Hapo Mayasa aliishusha karatasi. Siku tatu, tangu alipoliona lile buli, alikuwa akiyapanga moyoni maneno ambayo hayakuandikwa humo.

"Tatu. Buli hilo tulilikuta sisi, tulipochimba choo. Nilipomzaa Twalib, nilitia humo kondo lake la nyuma, nikalizika chini ya ukuta kama tunavyofanya kwetu. Twalib amefariki. Ndugu zangu walimzika Tanga, nami sikuwa na makaratasi ya kumsindikiza."

"Dada, hii haiko ku karatasi," Gaston alinong'ona.

"Wewe tafsiri. Buli akae nalo. Nauliza udongo uliokuwa ndani, wanafunzi wake walipolifukua, waliumwaga wapi."

Gaston alitafsiri polepole. Profesa alivua miwani, akasema maneno machache, na Gaston akamgeukia Mayasa.

"Anasema pole sana, dada. Udongo yote balibeba na kamyo, balienda kuimwanga ku Midrand, kwenye banajenga."

Ilikuwa imebaki dua ya kufungia, iliyoandikwa wiki iliyopita. Mayasa aliinua karatasi, akaisoma kama ilivyo.

"Mungu akurudishe kwenu salama, Profesa, na ardhi ya kwenu ikutunzie ulivyoiwekea. Ni sisi, wakazi wa Kijiji cha Waingereza, Jeppestown."