Mtunza Mbegu Aliyekataa Kuomba Radhi

Tarehe 31 Julai 1968 Mama Athanasie Nyiramana anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika kituo chetu cha mbegu hapa Masisi. Aliingia akiwa mchambuzi wa maharagwe, akapanda hadi kuwa mtunza mbegu, mwanamke wa kwanza hapa kukabidhiwa ghala. Huchukua punje moja, akaing'ata, kisha akakuambia kama imekauka vya kutosha. Bado hatujamwona akikosea.

Agosti 1962 kituo kilituma watu sita Léopoldville kutembelea bustani ya umma ya mimea, ili tujifunze. Tulitembea kwenye njia zilizonyooka, tukasoma vibao, tukashangaa kila mmea umepewa tuta lake. Papa Honoré, dereva wetu, alipoyaona majani mazuri yaliyokatwa chini kabisa, aliuliza ng'ombe wako wapi. Jibu alilopewa halijamridhisha mpaka leo.

Mama Athanasie naye alikuwa ameshainama. Kwetu hupiti katika shamba la mtu bila kumng'olea magugu kidogo, na pale aliuona ule mmea utambaao unaonyonga maharagwe yetu kila msimu wa mvua. Aling'oa mashina matatu kabla mlinzi hajafika mbio. Kumbe lile lilikuwa tuta la mmea wenyewe, lenye kibao cha jina lake na nchi ulikotoka. Sisi tulicheka. Mlinzi hakucheka.

Malalamiko yalimtangulia kufika Masisi. Mkurugenzi wa wakati ule alimwita mbele yetu sote, akampa barua ya kuomba radhi atie sahihi, la sivyo ghala angepewa mwingine. Mama aliisoma mpaka mwisho, akairudisha mezani.

“Kwetu muntu akipita mu shamba ya mwenzake, anapalia kidogo,” alisema. “Ile njo heshima yetu. Siwezi omba pardon juu ya heshima.”

Siku hiyohiyo alipewa jembe. Miaka sita amelima na vibarua, na hakuna aliyemsikia akijuta. Sisi tulikasirika, na hasira hiyo tunayo bado. Wanawake walioleta mbegu kutoka Rubaya na Walikale walimpita mtunza mpya mlangoni, wakamfuata Mama shambani, naye akawapimia kwa meno akiwa ameegemea jembe. Hakuna aina ya maharagwe iliyoingia ghalani miaka hiyo bila yeye kuipitisha.

Sasa karatasi yake ya kustaafu imemwandika kibarua wa shamba. Neno hilo hatulikubali. Humu katika barua hii ya kumuaga ameandikwa Mtunza Mbegu, na sisi wafanyakazi wote thelathini na wanane tumetia sahihi hapa chini. Ofisi ikitaka tuombe radhi, jibu letu inalo tangu 1962. Wa kwanza kutia sahihi ni yule aliyepewa ghala lake.

Asante, Mama Athanasie. Nenda kwa heri, uishi miaka mingi yenye afya na shibe, Mtunza Mbegu wetu.