Beji Iliyobaki Msumarini

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na mwenyewe hakatai. Mpiga picha za eksirei alipanda basi la asubuhi na barua mfukoni: ameondolewa kwenye mashine, aende kwa mkuu wa hospitali akajieleze. Akaona utetezi wake aufanyie mazoezi kwa jirani yake wa kiti, mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mama, sisi tunavaa beji kifuani, inapima mionzi inayotuingia. Yangu imesoma mionzi ya kutisha."

"Pole, mwanangu! Mbona lakini umenenepa hivi?"

"Si ndiyo hapo! Sikuivaa. Niliisahau kwenye aproni ya risasi, ile ya kukinga mionzi, na aproni ikakaa msumarini mle mle chumba cha picha, mwezi mzima. Kila mgonjwa akipigwa picha, beji inakula mionzi. Mimi niko nyuma ya ukuta, mzima kama chuma. Kosa langu nini?"

"Siku zote ulikuwa nyuma ya ukuta?"

"Siku zote. Labda wale watoto wasiotulia, hao lazima uwashike wakati wa kupigwa picha."

"Wangapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia. Basi likasimama mbele ya lango la hospitali. Akainuka, akajikung'uta shati. "Mkuu atanielewa tu, mama. Beji imesema uongo."

"Beji imesema kweli tupu, mwanangu. Msumari tumeshajua umepigwa mionzi kiasi gani. Wewe je, nani anajua?"