Historia ya Marehemu Eusebio Cordoví, Aliyesoma Kitabu Kimoja Mara Thelathini na Nne

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa kiwandani mliokuja na aproni zenu bado zina vumbi la tumbaku, mimi ni Leocadio Cordoví, kaka wa marehemu, na nimepewa kazi ya kuandika karatasi hii na kuisoma kwa kuwa familia inasema nina sauti, maana ndiyo kazi yangu, kuwasomea vitabu wasokotaji wa sigara wakiwa kazini, kutoka jukwaani, tangu mwaka 1979. Marehemu aliniachia jambo moja niliseme mbele ya watu, jambo litakaloniondolea heshima yote niliyo nayo, na tangu jana natafuta njia ya kulikwepa, kwa hiyo mnivumilie nikianza na tarehe.

Eusebio Cordoví Travieso, tuliyemwita Chebo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika shamba la tumbaku la baba yetu huko San Luis, mtoto wa pili na wa mwisho, akaanza shule mwaka 1964 na kuishia darasa la tisa mwaka 1973, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu akili yote alishaipeleka mahali pamoja. Mwaka 1970 shangazi yetu Eudosia alimpa kitabu kiitwacho Mnara wa Chumvi, kurasa mia sita na kumi za majoka yanayozungumza, malkia anayekufa na kufufuka kila akijisikia, na mchawi wa kike anayeuza majina ya watu, upuuzi mtupu, na mtoto huyu alipofika ukurasa wa mwisho alirudi wa kwanza akaanza upya. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma vitabu vya maana. Nilimwambia mtu mwenye akili timamu hasomi kitu anachojua kinavyoisha, naye akanijibu kwamba hata maharage anajua yanavyoisha na bado anayala.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kiwandani hapa Pinar del Río kama msokotaji, meza ya tano upande wa dirishani, akakaa hapo miaka arobaini na miwili. Kwa ninyi mliotoka mbali, kitabu cha kusomwa kiwandani huchaguliwa na wasokotaji wenyewe kwa kunyoosha mikono, msomaji hana kura, nami kila mwaka nilipendekeza vitabu vizito, na kila mwaka Chebo alipita meza hadi meza akiwarubuni watu, mpaka Mnara wa Chumvi ukashinda mara nane. Mara nane, ndugu zangu. Watu wazima mia na hamsini, wenye wajukuu, wanatokwa na machozi eti joka limefiwa, na mimi pale juu nasoma huku naona haya.

Tarehe 14 Agosti 1982 alifunga ndoa na Zoraida Pimienta, mwanamke mvumilivu kupita kiasi, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye marehemu alimpa jina la Ilvara, la yule mchawi, na karani wa vizazi aliuliza mara tatu kama hilo ni jina la mtu au la dawa ya minyoo. Ilvara yuko hapa, ni mwalimu wa hesabu, hakuharibika, na shukrani zote za hilo zimwendee mama yake.

Tarehe 20 Oktoba 1986, kitabu hicho kikisomwa kwa mara ya tatu, Bi Hortensia Lazo, aliyekuwa akichambua majani, alisimama akasema mbele ya kiwanda kizima kwamba naruka kurasa, kwamba sura ya kumi na tisa, ile ya farasi arobaini na wawili wanaotajwa mmoja mmoja kwa jina na kwa ukoo, sijawahi kuisoma. Msomaji anayeruka kurasa hushushwa jukwaani siku hiyo hiyo. Nilikana. Wakamgeukia Chebo, maana hakuna aliyekijua kitabu kile kama yeye, naye akainuka, akajifuta mikono, akasema, “Kaka yangu hajaacha hata mstari mmoja.” Visu vya kukatia majani vikagongwa mezani, ndiyo namna yetu ya kushangilia, nami nikabaki na kazi yangu, na Bi Hortensia akabandikwa jina la Bibi Kurasa, akaitwa hivyo mpaka anastaafu, na wapo hapa waliomwita hivyo getini leo asubuhi.

Nilichofikiri siku ile ni kwamba mdogo wangu hakugundua. Nilimdharau kwa hilo miaka thelathini na minane, nikajisemea huyu ndiye msomaji wa majoka, anasoma kitabu mara ishirini na hajui kilichomo. Na kila Januari alipokuwa akimpelekea Bi Hortensia kikapu cha magimbi, nilimtania kwamba anamtongoza mke wa mtu.

Mwaka 2018 alistaafu, na Ilvara akamtilia kwenye simu vitabu vya kusikiliza, Mnara wa Chumvi ukiwemo, umesomwa na Mhispania mmoja anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, na marehemu, ambaye kaka yake wa tumbo moja ni msomaji, alishinda kibarazani na vidude masikioni, akimenya mihogo na kutabasamu peke yake. Nilipita mbele yake miezi minne bila kumsalimia. Alinipelekea ujumbe kwa Zoraida kwamba yule Mhispania sauti hana, ila anasoma kila mstari, nami nikaona ni kejeli tu.

Kisukari kilimchukua macho mwaka 2021, figo zikafuata, na tarehe 3 Septemba 2024 alilazwa katika hospitali ya mkoa. Umeme mnaujua wenyewe, simu ilizima siku ya pili, Mhispania akanyamaza, nikaombwa nisome mimi. Nilisoma upuuzi ule siku kumi na moja, na Jumapili iliyopita tulipofika sura ya kumi na tisa nikaipita, mkono ulishazoea.

“Farasi, kaka,” alisema.

“Farasi gani?”

“Wale arobaini na wawili. Unawaruka tangu mara ya kwanza.”

Nikamuuliza, kama alijua, mbona siku ile alinitetea. Akasema nilikuwa natetemeka pale juu, watu wote wananitazama, hakuweza kuvumilia, na kwamba tangu hapo hakuwahi kumtazama Hortensia usoni, kikapu alikuwa anakiacha mlangoni na kuondoka.

“Mwambie Hortensia,” alisema. “Usiende nyumbani kwake. Mwambie mbele ya watu, kama nilivyosema mimi.”

Nikamwambia apone aje amwambie mwenyewe. Akageukia ukutani. Nikarudi nyuma nikawasoma farasi wote, na mara mbili alinirekebisha majina bila kugeuka. Alifariki Jumanne tarehe 17 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inamshukuru Daktari Yaquelín na wauguzi waliopandisha maji kwa ndoo hadi ghorofa ya nne, majirani kwa kahawa na viti, na wafanyakazi wenzake, ambao mmekuja wengi kuliko mlivyokuja kwa baba yetu.

Karatasi inaishia hapo, haya mengine sikuweza kuyaandika. Bi Hortensia Lazo, nakuona pale nyuma, wewe ulisema kweli, mimi nilisema uongo, na huyu aliyelala hapa alisema uongo kwa ajili yangu. Nilimwona mjinga maisha yake yote, na nilikula mkate wangu kwa midomo yake. Ninyi mliomwita mama huyu Bibi Kurasa, mwombeni radhi kabla hamjatoka getini, kisha mnitafutie jina mimi. Kesho jukwaa liko wazi, pigeni kura.

Chebo, nimemwambia, na wote wamesikia. Lala sasa, mdogo wangu, upumzike kwa amani.